Daftari Lililojaa Sifuri

Dada yangu mkubwa, anayeishi Bombo, mji mdogo wa Uganda, alipewa daftari la shule na kuagizwa aandike kila jioni kama siku hiyo ameanguka au hakuanguka. Baada ya miezi mitatu tulilirudisha kliniki. Kila ukurasa ulikuwa na sifuri, kuanzia juu hadi chini. Mhudumu aliyetupokea alifurahi kwa dhati. "Hongera sana mama, umejitahidi," akamwambia, kisha akanakili sifuri zile kwenye fomu yake na fomu ikaingia kwenye faili.

Dada hakujibu kitu. Mimi nilijua sifuri zile zimepatikanaje, kwa kuwa kila mwisho wa juma nilikuwa nalala kwake. Alikuwa ameacha kuteka maji. Alikuwa ameacha kukaanga sambusa kando ya barabara ya Gulu, kazi aliyoifanya tangu hajaolewa. Kikao cha akiba cha akina mama, alichokuwa mweka hazina wake, kilikuwa kimetafuta mtu mwingine wa kushika sanduku. Mzee wa nyumba ya tatu alipofariki, dada alimtuma mtoto na bahasha ya rambirambi badala ya kwenda mwenyewe kukaa na wafiwa. Alishinda mkekani, mgongo ukiegemea ukuta, akisuka vikapu ambavyo hakuna aliyevipeleka sokoni. Aliyeketi mkekani ataangukia wapi?

Ninachosema ni hiki: mpango wa kuzuia kuanguka unaohesabu maanguko peke yake unaweza kumpunguzia mtu maisha na bado ukaonekana umefaulu. Kwa watu wenye ugonjwa kama wa dada yangu, kipimo kikuu kiwe ushiriki wao katika maisha ya kila siku, na hesabu ya kuanguka isomwe pembeni yake.

Ugonjwa wenyewe ni maltipo sklerosisi, ambao wengi tunauita MS tu. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa utaratibu mwaka 1868. Fikiria waya uliochubuka: umeme unapita kwa kusitasita. Ndivyo mguu unavyopokea amri ya ubongo, mara imechelewa, mara imefika nusu, mara haikufika. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, angalau mara mbili, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, umri wa kulea na kuchuma. Karibu na ikweta hugunduliwa kwa uchache kuliko katika nchi za kaskazini. Ila kugundua nako kunahitaji vifaa. Mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya ubongo na uti wa mgongo, ni chache Uganda na nyingi ziko Kampala, na kabla mgonjwa hajaifikia huwa ameshaambiwa ni malaria, ni presha, ni mawazo, ni jini. Dada alizungushwa miaka minne.

Kuanguka kwenye MS hakuna mlango mmoja. Mguu unaburuta kidole na kukwaa kwenye kizingiti. Misuli inakakamaa. Nyayo zinakufa ganzi, kwa hiyo macho ndiyo yanayouambia mwili uko wapi. Umeme ukikatika usiku, taarifa hiyo nayo inazimika na mtu anayumba akiwa katikati ya chumba chake mwenyewe. Kibofu kinaharakisha, na choo kiko nje, hatua thelathini, gizani. Halafu kuna joto. Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza jinsi wagonjwa wake walivyopungukiwa na nguvu ya kuona walipofanya mazoezi yanayoupa mwili joto. Leo inajulikana kwamba joto huongeza kwa muda dalili nyingi za MS, miguu ikiwemo. Dada wa saa mbili asubuhi na dada wa saa saba mchana ni watu wawili.

Kwa hiyo hofu ya kuanguka si ya kubuni. Uchambuzi uliounganisha takwimu za watu 537 kutoka Australia, Sweden, Uingereza na Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba 56% ya watu hao walianguka angalau mara moja katika miezi mitatu, na 37% walianguka zaidi ya mara moja. Huku kwetu mfupa wa nyonga ukivunjika, familia huuza shamba au ng'ombe, na wakati mwingine mgonjwa hasimami tena. Wanaotaka kuzuia maanguko wana haki ya kutaka. Nawaunga mkono.

Shida inaanza kwenye kuhesabu. Mwaka 2005 mtandao wa watafiti wa Ulaya uitwao ProFaNE ulikubaliana juu ya maana moja: kuanguka ni tukio lisilotarajiwa ambalo mtu huishia chini, sakafuni au mahali palipo chini zaidi. Walipendekeza pia mtu aandike kila siku na taarifa zikusanywe kila mwezi. Daftari la dada ni mjukuu wa pendekezo hilo. Ni kazi nzuri, kwa sababu kabla ya hapo kila utafiti ulihesabu kwa namna yake. Lakini angalia kilichobaki nje. Aliyepepesuka na kushika nguzo hakuanguka. Aliyedakwa na mwanawe hakuanguka. Na aliyeghairi kutoka hana hata safu ya kuandikia.

Mwenye teksi akikuambia gari lake halijapata ajali mwaka mzima, utamuuliza kwanza limetembea kilomita ngapi. Kama lilikuwa limeegeshwa uani kwa kukosa gurudumu, hutamsifu dereva. Kwenye kuanguka tunasahau kuuliza swali hilohilo. Mtu aliyetoka mara arobaini akaanguka mara mbili, na mtu aliyetoka mara mbili akaanguka mara moja, nani yuko salama zaidi? Daftari la kliniki linasema wa pili.

Na kukaa hakuponyi. Tafiti nyingi za watu wenye MS zimeona kwamba sehemu kubwa ya maanguko hutokea ndani ya nyumba, mtu akifanya mambo ya kawaida: kuinuka, kugeuka, kwenda msalani. Anayejifungia kwa kuogopa barabara anapoteza nguvu za mapaja na wepesi wa kujirudisha, na baada ya muda hata njia ya kutoka mkekani hadi mlangoni inakuwa ya hatari. Sifuri za mwaka huu zinaweza kuwa ndizo zinazoandaa mvunjiko wa mwaka ujao. Nilimwona dada akinyanyuka mwezi wa tatu wa daftari lile. Alihitaji kushika dirisha, na mwezi wa kwanza hakulihitaji.

Wataalamu wana vipimo vingine, na ni haki kuvitazama kimoja kimoja. Kipimo cha Berg cha usawa wa mwili, kilichotengenezwa Kanada mwaka 1989 kwa ajili ya wazee, kina vitendo 14 na alama 56. Kingine cha mwaka 1991 kinamtaka mtu ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, huku saa ikihesabu. Vyote viwili vinafaa, na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, anajifunza mengi humo. Lakini vinafanyika ukumbini penye sakafu laini, asubuhi, mikono mitupu, bila mtu kukuita jina. Sokoni unatembea ukiwa umebeba, unajibu salamu, unahesabu chenji na unakwepa bodaboda, vyote kwa pamoja, na ubongo wenye MS unalipa gharama kubwa kwa kila jambo la ziada. Hata ngazi za ulemavu za Kurtzke zinazotumiwa kote duniani, kuanzia 0 hadi 10, katika sehemu ya katikati zinategemea sana mita ambazo mtu anaweza kutembea. Ngazi ya 6 ni ya anayehitaji fimbo au mkongojo ili afike mita 100. Mita 100 za wapi? Za korido, au za mteremko wa murramu baada ya mvua ya Aprili?

Kuna pia dodoso la maswali 16 linalouliza mtu ana wasiwasi kiasi gani wa kuanguka anapooga, anapopanda ngazi, anapopita penye utelezi, anapokwenda ibadani au kwenye mkusanyiko wa familia. Nalipenda kuliko mengine kwa sababu linaijua jamii. Lakini linauliza wasiwasi. Haliulizi kama bado unakwenda. Mtu anaweza kuwa na hofu kubwa na akaenda kila Ijumaa, na mwingine akawa hana hofu hata kidogo kwa kuwa aliacha zamani. Dada, alipoulizwa mwishoni mwa ile miezi mitatu kama anaogopa, alisema hapana. Alikuwa anasema kweli.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wake wa kuainisha utendaji wa mwili, ulemavu na afya. Humo ushiriki umeelezwa kuwa ni kuhusika katika hali ya maisha. Maelezo hayo yananiacha na njaa. Neno letu limeshiba zaidi. Kwa Kiswahili hushiriki peke yako chumbani: unashiriki harusi, unashiriki msiba, unashiriki chakula, na Wakristo husema kushiriki meza ya Bwana. Ndani ya neno lenyewe mna watu wengine wanaokungoja na watakaouliza mbona hukuja. Nadhani kipimo kizuri cha ushiriki kianze hapo: nani angegundua kwamba hukufika?

Ukianza hapo, orodha ya mambo ya kupima Uganda inajiandika yenyewe, na haifanani na ya London. Kuna jerikani la lita 20, ambalo likijaa ni kilo 20 za uzito unaochezacheza upande mmoja wa mwili usio na uthabiti. Kuna choo cha shimo cha kuchuchumaa, kisicho na cha kushika. Kuna jiko la chini na kigoda. Kuna kupanda bodaboda ukiwa umevaa gauni, miguu yote upande mmoja, wakati mapaja yanakakamaa, na kuna kuingia kwenye teksi ya abiria 14 kondakta akikuhimiza na kiti kilichobaki kikiwa cha nyuma kabisa. Kuna rakaa: kurukuu, kusujudu na kusimama tena, mara nyingi kwa siku. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali ameketi, na dada anaswali ameketi, lakini kuamua hivyo kulimchukua mwaka mzima na machozi, na hakuna fomu iliyowahi kumuuliza.

Na kuna kupiga magoti. Katika Buganda, eneo la kabila la Waganda, mwanamke humsalimia mkubwa wake akiwa amepiga magoti. Kwa mwenye MS, kushuka ni hatari na kuinuka ni hatari zaidi, na yote hayo yanafanyika mbele ya wakwe. Jirani yetu wa kabila hilo, ambaye naye miguu yake ilidhoofika baada ya kiharusi, aliacha kwenda kwao kijijini kwa sababu hiyo hasa. Hakuogopa barabara wala nauli. Aliogopa mlango wa nyumba ya baba mkwe: apige magoti aanguke, au asimame aonekane ana dharau. Sijaona dodoso la kigeni lenye swali hilo. Mtaalamu wa fiziotherapia akilijua, anaweza kumfundisha kushuka kwa goti moja akishika fremu ya mlango, au akazungumza na familia, na safari ikarudi. Asipolijua, atamfundisha kupanda ngazi ambazo nyumba yao haina.

Kuna jambo jingine ambalo vipimo vingi vya kujitegemea hulipoteza. Ukishikwa mkono, unapungukiwa na alama. Kwetu, mama mwenye umri wa dada kutembea ameshikwa mkono na binti wa ndugu yake ni heshima kwa wote wawili. Akifika matangani hivyo, amefika. Kinachofaa kuulizwa ni kama yeye ndiye aliyeamua kwenda na kama mtu wa kumshika alipatikana alipomhitaji. Hapo tofauti inaonekana kati ya msaada unaomfungulia mtu mlango na msaada unaofanya kila kitu kwa niaba yake hadi asiwe na pa kwenda. Sisi nyumbani tulikuwa wa aina ya pili. Tulimwambia "keti dada, tutafanya sisi" kila alipojaribu kuinuka, na tuliamini tunampenda. Tulikuwa tunampenda, na tulimketisha.

Najua watakaopinga watasema ushiriki ni kitu kisichoshikika. Kuanguka kunahesabika, ushiriki unategemea nauli, mvua, aibu, mume, jirani. Mradi ukimfundisha mgonjwa mazoezi ya usawa wa mwili na bado asiende sokoni kwa kukosa shilingi za boda, kwa nini mazoezi yalaumiwe? Ni pingamizi zito na silipuuzi. Jibu langu ni kwamba kipimo kiulize pia sababu ya kutokwenda. Hofu ni kazi ya mtaalamu. Uchovu na joto ni kazi yake pia, kwa kupanga saa za kutoka. Nauli si kazi yake, lakini akiiona imeandikwa mara kumi na tano kwenye daftari moja, ana cha kuwapelekea viongozi wa wilaya. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008 na ina sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020. Ushiriki umo humo kama haki, na haki isiyopimwa hakuna anayejua inapovunjwa.

Wengine watasema wagonjwa wa MS nchini ni wachache mno kuwatengenezea vipimo. Basi waongezeni waliopata kiharusi, wazee, wenye kisukari ambao nyayo zao zimekufa ganzi. Jerikani ni lilelile.

Hata huko kwenye tafiti nyingi mambo hayajakamilika. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu kuzuia maanguko kwa watu wenye MS yalipata majaribio 13 yenye washiriki 839 kwa jumla, na ushahidi ulikuwa mdogo na wa uhakika hafifu. Naliona hilo kama nafasi. Anayeanza sasa Uganda hana ulazima wa kurudia kasoro ya kuhesabu maanguko bila kuhesabu maisha. Anaweza kuanza na dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ulemavu, lenye maswali 36 kwa ukamilifu wake au 12 kwa ufupi. Linaangalia siku 30 zilizopita, na linauliza juu ya kazi za nyumbani na shughuli za jamii. Kisha amwombe kila mgonjwa ataje mwenyewe mambo matano ambayo akiyakosa hajihisi kuwa mtu, na afuatilie hayo matano. Maswali yaulizwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Luganda, Lugbara, Runyankole au Kiswahili, ambacho baraza la mawaziri lilikiidhinisha Julai 2022 kuwa lugha rasmi, na ambacho kwa Wanubi wa Bombo kimezoeleka tangu mababu.

Sisi hatukungoja mradi. Nilinunua daftari jingine, nikalichora safu tano: nilitaka kwenda wapi au kufanya nini; je, nilifanya; nani au nini kilinisaidia; kama sikufanya, kwa nini; je, nilianguka. Kwenye ile ya nne dada aliomba tuongeze jibu la "sikutaka tu", kwa sababu, alisema, mtu mzima ana haki ya kutotaka. Fimbo ikanunuliwa. Sambusa zilihamia saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Maji tulimwachia jerikani la lita 5, alitaka mwenyewe. Binti wa kaka yetu akawa mtu wake wa Ijumaa.

Baada ya miezi mitatu tulilipeleka kliniki. Lilikuwa limejaa: bombani, kwenye kikao cha akiba, kwa mgonjwa hospitalini, harusi mbili, msiba mmoja. Alikuwa ameanguka mara mbili, mara moja kwenye tope la bombani na mara moja harusini, watoto walipompitia mbio karibu na miguu. Goti lilichubuka. Wiki iliyofuata alirudi kwa watu walewale kula chakula cha baada ya harusi.

Mhudumu alipekua kurasa kwa adabu, akizungusha kalamu. Fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja. Akaandika 2, akalinganisha na sifuri za mara ya kwanza, akamtazama dada kwa huruma na kumshauri apunguze kutembea.